Nyumba iko Karavia, mwenye nyumba ako Ndola: banki zetu zijibu



Juma lililopita mama mumoja wa hapa Karavia alinifuata mpaka kwenye mulango wa radio. Mukononi alikuwa na bahasha, ndani dola 300. Haikuwa feza yake. Ilikuwa feza ya nyumba ya miezi miwili, dola 150 kila mwezi. Mwenye nyumba ni yaya wake, mwenye ako Ndola kule Zambia, pamoja na bibi yake na watoto wane. Wakati alipokuwa hapa aliijenga nyumba hiyo yeye mwenyewe, chumba kwa chumba, mwaka kwa mwaka. Kisha mambo yenye munajua yalimukimbiza. Mupangaji ni mutu muzuri, analipa kwa wakati. Kila mwisho wa mwezi mama anapokea, anaandika kwenye kaye, anafunga feza ndani ya kitambaa, anangoja.

Anangoja shofere. Kuko shofere mumoja wa lori mwenye familia inamujua, anapeleka muzigo Zambia, na yeye ndiye banki yao. Akipata safari, watoto wa Ndola wanalipa masomo. Lori ikiharibika kwenye foleni ya Kasumbalesa, watoto wanafukuzwa darasani. Mwaka huu feza ya mwezi mumoja ilipotea njiani, na mupaka leo hakuna mwenye anajua kama iliibwa ao iliombwa kwenye kizuizi. Sasa yaya amechoka. Ametuma neno kama nyumba iuzwe.

"Weye unasemaka kila siku ku radio," mama aliniambia. "Uwaulize hawa watu ya banki: hii feza ni ya nani?"

Nilizunguka na swali lake siku tatu, gishe kwa gishe. Leo ninaandika yale niliyoyapata, na sitaandika kwa upole.

Kwanza tuondoe uongo mumoja wenye tumezoea. Hapa kwetu, mutu akisema "kutumiwa feza", watu wote wanageuza macho Bulaya: mutoto ako Brussels, anatuma, sisi tunapokea. Matangazo yote yenye yanabandikwa kwenye kuta za muji yanaonyesha hivyo, mama anacheka na simu mukononi. Lakini feza inatembea pia upande mwingine. Kuko wanafunzi wetu Lusaka, Johannesburg, na India. Kuko wagonjwa wenye walipelekwa Ndola kupasuliwa. Kuko watu wa Pweto na Tanganyika wenye walivuka kuanzia mwaka wa 2017, wakawekwa Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, kambi yenye ilifunguliwa mwanzo wa 2018. Watu hao wote hawakuondoka mikono mitupu katika maisha. Wengine waliacha nyumba, waliacha shamba, waliacha konti ya banki, waliacha mushahara wenye haukulipwa wote. Feza yao iko hapa. Wao wako kule. Na katikati kuko ukuta wenye hakuna mutu anauona mpaka siku anaugonga na kichwa.

Mimi niliugonga. Nitawaambia hesabu yangu, bila kutaja jina la banki, juu sitaki mutu aseme kama ninamuonea mumoja wakati wengine wanafanya vilevile. Nilikuwa natuma dola 200 kwa mudogo wangu, kwenye konti yake ya kule Zambia, juu ya masomo. Kwenye gishe niliambiwa: komisio dola 30, ujumbe wa kupeleka feza dola 10. Juu ya hizo 40, TVA ya 16 %, ndiyo dola 6 na senti 40. Kisha redevansi ya Banki Kuu, ya kufuatilia feza zinazoingia na kutoka, 2 kwa 1.000, ndiyo senti 40. Jumla nilitoa mufukoni dola 246 na senti 80. Nilisema moyoni, ni kali, lakini basi. Kisha siku tisa zikapita. Mudogo akanipigia simu: "Yaya, imeingia 165." Banki ya katikati ilikata 25, banki yake ilikata 10. Na hizo 165, alipozitoa, walimubadilishia katika kwacha kwa bei yao, si ile ya barabarani.

Mimi sikusomea uchumi. Nilimaliza sekondari na formasio ya uandishi wa habari, basi. Lakini kutoa na kujumlisha ninajua. Kwa kila dola tatu zenye zilitoka mufukoni mwangu, moja ilibaki njiani. Musikilizaji, serikali ikikuongezea kodi ya namna hiyo, muji wote ungefunga barabara. Hapa tunanyamaza, juu kila mutu anakatwa peke yake, mbele ya dirisha la kioo, na nyuma yake kuko foleni yenye inamusukuma.

Mama wa Karavia aliniuliza sababu gani inakuwa hivyo, wakati Kasumbalesa ni karibu kilometa 90 tu kutoka hapa, na Ndola yenyewe haifiki kilometa 300. Jibu lake ni la kuchekesha kama halingekuwa la kuuma. Dola ni feza ya Marekani. Banki ya Lubumbashi na banki ya Ndola, mara nyingi, hazijuani. Hakuna konti yenye moja imefungua kwa nyingine. Lazima kuwe banki ya tatu, kubwa, yenye zote mbili ziko na konti kwake, na kwa mambo ya dola banki hiyo mara nyingi iko New York. Kwa hiyo feza ya nyumba ya Karavia haipandi barabara ya Kasumbalesa. Inavuka bahari, inaangaliwa na watu wenye hawajawahi kusikia jina la Karavia, kisha inarudi Afrika. Kila mulango wenye inapita, mulinzi anakata kipande chake.

Na kwenye formulere yenye unasaini, kuko kisanduku kidogo chenye karibu hakuna mutu anakieleza: nani analipa hao walinzi. Kuko herufi tatu za kuchagua. OUR ni kusema mutumaji analipa yote, mwenye kupokea anapata feza nzima. SHA ni kusema munagawana: wewe unalipa za hapa, zile za njiani zinakatwa kwenye feza yenyewe. BEN ni kusema mwenye kupokea anabeba yote. Mimi siku ile nilitiliwa SHA bila kuulizwa. Mudogo wangu alikuwa anaongojewa na universite kulipa hesabu kamili. Zile 35 zenye zilikatwa ndizo zilimufanya akose kuandikwa kwa wakati. Kwa herufi tatu! Kama mwenye kukaa gishe angenigeuzia karatasi na kusema "baba, chagua", ningeongeza feza kidogo hapa na mambo yangeisha.

Sasa munisikilize vizuri kwenye neno la pili, juu ndilo linaniwasha zaidi.

Tunaambiwa kama feza kutoka katika inchi ni jambo la hatari, lazima ilindwe. Sawa. Basi tuangalie nani analindwa nayo. Hapa Karavia tunajua sura za watu wa migodi. Hoteli kubwa iko kando ya ziwa, golfu iko pembeni, magari yao yanapita mbele ya milango yetu kila asubuhi. Kanuni ya migodi ya mwaka wa 2002 ilikuwa inadai kampuni irudishe hapa 40 % tu ya feza ya madini yenye iliuza, nyingine zote zibaki nje. Kanuni mupya ya 2018 ilipandisha mpaka 60 %, na 100 % kisha kampuni kumaliza kujilipa mutaji wake. Sisemi kama ni wizi. Ni sheria, ilipitishwa na wabunge wetu. Ninasema tu kama kuko watu wenye sheria inaweza kuwaachia 40 % ya mamilioni ikae ngambo kwa miaka, na kuko mama mwenye bahasha ya dola 300 anaulizwa "feza hii imetoka wapi?" kwa sauti yenye inasikika mpaka kwa mulinzi wa mulango. Madini yanavuka Kasumbalesa muchana na usiku. Feza ya nyumba inavuka ikiwa imefichwa ndani ya soksi ya shofere.

Mukubwa mumoja wa gishe, mutu mwenye adabu, sina ubaya naye, alinijibu: "Bwana mwandishi, sisi tunafuata sheria." Ni kweli, sheria iko. Oktoba 2022, GAFI, ile kamati ya dunia ya kupiga vita feza chafu, iliweka Kongo kwenye orodha yake ya kijivu. Desemba 27 ya mwaka huohuo ilitoka sheria nambari 22/068 juu ya kusafisha feza chafu na kulipia ugaidi. Tangu hapo banki kubwa za ngambo zinaangalia kila karatasi yenye imeandikwa Kongo mara mbili, na banki za hapa zinaogopa kufungiwa mulango. Ninaelewa woga huo. Kama ningekuwa na banki ningeogopa pia.

Lakini GAFI yenyewe haikusema kama dola 150 za nyumba ziangaliwe sawa na dola milioni 150. Kanuni zake zinasema kinyume: ukali ufuatane na hatari, na pale hatari ni ndogo, banki inaweza kutumia hatua nyepesi. Kodi ya nyumba yenye inajulikana, mupangaji anajulikana, hesabu ni ileile kila mwezi, inakwenda kwa mutu mumoja tu mwenye jina lake liko kwenye karatasi ya lupango: kama hiyo si hatari ndogo, ni gani? Banki zetu zilichukua kutoka GAFI ule ukali tu, ile ruhusa ya kulegeza waliiacha mezani. Kulegeza kunaomba kufikiri, kukataa hakuombi kitu.

Na matokeo yake ni gani? Feza haibaki. Inapita kwa shofere, kwa kambisti mwenye ako na mwenzake upande wa pili, kwa mama muchuuzi wa Kasumbalesa. Inapita mahali pasipo jina, pasipo resi, pasipo macho ya serikali. Ile hofu ya feza chafu inasukuma feza safi iende kukaa pamoja na ile chafu. Hilo ndilo jambo lenye wakubwa wa banki wanapaswa kueleza, si mimi.

Sasa tuje kwa wakimbizi wenyewe, juu kwao kuko zarau ya tatu.

Yaya wa Ndola ako na konti hapa Lubumbashi. Aliifungua wakati wa kazi. Kadi yake ya banki ilimalizika. Alipiga simu, aliandika, alituma mudogo wake na barua. Jibu lilikuwa neno moja: "Aje mwenyewe." Mutu wa gishe alilisema kwa urahisi, kama vile mutu anasema uende mpaka Kenya, pale karibu na soko, urudi. Yeye hajui, ao hataki kujua, kama mukimbizi akirudi katika inchi yenye alikimbia, anaweza kupoteza ulinzi wote wenye alipewa kule. Sheria ya wakimbizi ya mwaka wa 1951, kwenye kifungu cha kwanza, inaeleza ni wakati gani ulinzi unaisha, na kurudi kutafuta ulinzi wa inchi yako ao kurudi kukaa kwako ni kati ya hizo sababu. Kwa hiyo "aje mwenyewe", kwa mukimbizi, ni kumuambia achague kati ya feza yake na usalama wake.

Wengine wanasema basi afanye prokirasio, ile barua ya kumupa mudogo wake nguvu juu ya konti, na aipitishe kwa konsila wa Kongo. Tena mutego uleule: mutu mwenye alikimbia anatumwa kupiga hodi kwa serikali yenye aliikimbia. Ile Sheria ya 1951 iliona jambo hilo tangu zamani. Kifungu cha 25 kinasema kama mukimbizi akihitaji karatasi zenye kwa kawaida mutu anazipata kwa wakubwa wa inchi yake, wakubwa wa inchi yenye imemupokea wamutolee, na karatasi hizo zisimame mahali pa zile zingine, ziaminiwe mpaka mutu aonyeshe kama ni za uongo. Kongo iliingia katika mapatano hayo mwaka wa 1965. Zambia, 1969. Sasa ninauliza banki za Lubumbashi, na ninauliza Banki Kuu yenye iko na nyumba yake hapa mujini: prokirasio yenye imefanywa mbele ya notere wa Ndola, na karatasi ya mukimbizi yenye Zambia imemutolea, munaikataa kwa kifungu gani? Nilipouliza kwenye magishe matatu, wawili walisema "ni utaratibu wa ndani". Wa tatu alicheka.

Ndugu zetu wa Kivu wenye mumekuja kukaa hapa kati yetu, ninajua munasoma na munatikisa kichwa. Kwenu neno "nyumbani" limekuwa gumu zaidi. Tangu Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, banki za kule zilifunga milango, na watu wenye walikuwa na feza yao kwenye konti walibaki kuiangalia kwenye simu kama picha. Wale walioishia Lubumbashi walau wanaweza kuingia katika banki yao hapa, kama banki yao iko na tawi katika muji huu na kama kadi haikubaki kwenye nyumba iliyoporwa. Lakini wale walioishia Burundi ao Uganda? Konti iko Goma, banki iko Kinshasa, mwenyewe ako katika hema. Naye pia anaambiwa aje mwenyewe. Aje wapi?

Mutu ataniambia: wewe mwandishi unapiga kelele ya bure, leo kuko simu. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, kila kona kuko kabine. Kweli, na pale inapovuka mupaka vizuri, tumieni, mimi sina ugomvi na simu. Airtel iko hapa na iko Zambia, na ningependa nione feza ikipita kati ya hizo mbili kwa bei yenye kila mutu anaielewa. Lakini upande wa pili, namba ya simu inaandikishwa kwa karatasi, na mukimbizi mupya mara nyingi anatumia namba ya jirani. Jirani huyo naye anakuwa mulinzi mwingine mwenye kukata. Tena simu si konti. Universite inataka karatasi ya banki. Mwenye hospitali anataka karatasi ya banki. Na mutu mwenye anataka kuanza maisha upya anahitaji mahali pa kuweka feza yenye haimalizikie ndani ya bandali.

Na hapa lazima niseme neno juu yetu sisi wenyewe, hata kama halitapendeza. Kuko feza nyingi ya watu wa mbali yenye haikukatwa na banki wala na New York, ililiwa hapa. Mudogo wa mutu anapokea kodi ya nyumba ya yaya wake, mwezi wa kwanza anasema banki imekataa, mwezi wa pili anasema rezo hakuna, mwezi wa tatu anavaa viatu vipya. Kama njia ya banki ingekuwa wazi, mupangaji angelipa moja kwa moja kwenye konti, na konti ingepeleka. Ugumu wa banki ni pazia ya wezi wa familia. Mama wa kaye na kitambaa ni mwaminifu. Si wote wako kama yeye, na tunajuana.

Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Nyumba ziliuzwa Likasi na Kolwezi kwa bei ya kutupa, watu wakiwa tayari na mizigo kwenye gare. Mwenye alikataa kuuza aliondoka bila kujua kama siku moja nyumba hiyo itamuletea hata franka moja mahali alipokwenda. Wengi walichagua kuuza, juu feza kidogo mukononi ni kuliko nyumba yenye haikufikii. Haya ninayoandika leo hayana bunduki na hayana gari-moshi, lakini mwisho wake uko karibu kufanana: mutu anaachana na lupango yake kwa sababu matunda yake hayavuki mupaka.

Sasa mutaniuliza ninataka nini. Ninataka vitu vidogo, na vyote viko ndani ya uwezo wao. Kwenye kila gishe, kuwe karatasi kubwa, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, yenye kusema ukituma dola 100, 200, 500 kwenda Zambia, Afrika Kusini ao Burundi, utalipa ngapi na ni ngapi itafika. Ngapi itafika! Si komisio tu, juu komisio ni kichwa cha nyoka, mwili uko njiani. Umoja wa Mataifa ulijiwekea shabaha kama kufikia 2030, garama ya kutuma feza ya wahamiaji ishuke chini ya 3 %, na kusiwe tena njia yenye inakata zaidi ya 5 %. Banki ya Dunia inapohesabu, Afrika yetu ya kusini ya Sahara ndiyo yenye bei kubwa kuliko sehemu zote, karibu 8 %. Na mimi nilikatwa 33. Hata kama mutagawanya kosa hilo katikati ya banki tatu, bado ni aibu.

Ninataka njia nyepesi kwa feza ya nyumba na ya masomo: kontra ya mupangaji inawekwa mara moja, karatasi ya lupango mara moja, kisha kila mwezi feza inakwenda bila mama kuulizwa tena kama yeye ni gaidi. Ninataka prokirasio ya mukimbizi isomwe, na kama inakataliwa, ikataliwe kwa barua yenye saini, yenye mutu anaweza kuipeleka kwa Banki Kuu ao kwa mwanasheria. "Aje mwenyewe" lisiwe tena jibu.

Wasiniambie kama ni vigumu. TMB ilizaliwa hapa Lubumbashi mwaka wa 2004, na tangu Desemba 2022 iko ndani ya kundi la KCB la Nairobi. BCDC, yenye mizizi yake ni ya mwaka wa 1909, iliungana na Equity, nayo ya Nairobi, mwaka wa 2020. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022. Tuko na Zambia katika Comesa na katika SADC, na Comesa iko na mufumo wake wa malipo kati ya banki kuu, REPSS, wenye ulianza kazi 2012. Majumba yamejengwa, saini zimetiwa, wakubwa wamepigwa picha. Barabara ya feza ya wakubwa iko. Kilichobaki ni kutengeneza njia ya miguu.

Wakati tunangoja, wewe musikilizaji ukienda gishe usiogope foleni ya nyuma. Uliza feza ngapi itafika, si ngapi utalipa. Uliza wametia OUR ao SHA, na uwaambie wewe unataka gani. Uliza bei ya kubadilisha. Omba resi yenye namba ya transferi na uipige picha na simu, juu feza ikipotea njiani namba hiyo ndiyo jina lake. Na kama utatuma kila mwezi kidogo kidogo, fanya hesabu: komisio yenye ni ileile kwa 100 na kwa 600, ni afazali uilipe mara moja kisha miezi mitatu ao ine, kama wenye kungoja wanaweza kungoja. Mara nyingi hawawezi, ninajua.

Nimepeleka maswali haya kwa maandishi kwenye banki tatu za katikati ya muji na nimeacha kopi kwa Banki Kuu. Mikrofoni iko wazi. Mwenye atajibu, jibu lake nitalisoma hewani lote, bila kukata.

Kuhusu mama wa bahasha, mambo hayajaisha. Mununuzi amekuja kuangalia nyumba mara mbili. Bei yenye ametoa ni nusu ya ile lupango ya jirani iliuzwa. Jana jioni tulimupigia yaya simu pamoja, rezo ilikatika mara tatu, na alichosema ni hiki tu: "Mudogo, mimi siuzi juu ninapenda. Ninauza juu mutoto wa tatu ako nyumbani tangu juma mbili." Mununuzi anarudi siku ya Posho, saa ine ya asubuhi, pamoja na mashahidi. Shofere naye hajapata safari bado.